Mpiga Chapa Aliyeruka Mstari

Ukitaka kumkasirisha, ilitosha kusimama nyuma yake wakati anapiga chapa. Hakugeuka wala kusema neno. Aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye mashine, akaiweka mapajani, akangoja. Ungeweza kusimama pale mpaka adhana ya adhuhuri na asiguse herufi hata moja. Mkuu wetu wa kituo, mtu aliyependa kuona watu wakimwinukia, mwishowe alijifunza kuacha rasimu yake mezani na kuondoka polepole, kama mwanafunzi aliyechelewa kuleta daftari.

Nilimkuta pale miaka ya tisini, nilipohamishiwa Mtwara. Nilikuwa mkufunzi kijana, binti wa Kisukuma kutoka Shinyanga, sijawahi kuuona mkorosho. Kituo chetu kilikuwa cha kuwaendeleza walimu wa shule za msingi: vyumba vinne na stoo, upande wa Chuno. Wakufunzi tulikuwa wanne, mlinzi mmoja, na yeye. Alikuwa na umri wa mama yangu, nasi sote tulimwita Mama. Kila karatasi iliyotoka kituoni, kuanzia mtihani mpaka tangazo la choo kuziba, ilipita kwenye vidole vyake.

Alipiga chapa peku. Viatu alivipanga mlangoni kama anaingia msikitini, akaikunja khanga yake ya begani mara mbili, akaiweka kwenye kiti na kuikalia. "Mguu ukibanwa na kidole cha mkono kinabanwa," aliniambia siku niliyouliza. Saa nne alikunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, lakini nje, barazani. Korosho hakuna aliyeruhusiwa kuingia nazo chumbani kwake. Alisema mafuta yake yakishaingia kwenye mashine, kila barua itanuka kama msimu.

Wakati huo tulikuwa bado tunatumia stensili, zile karatasi za nta za kutolea nakala. Aliyewahi kuipiga anajua adhabu yake: ukikosea herufi moja, unapaka dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, unapuliza, unangoja ikauke, ndipo unapiga tena juu yake. Wapiga chapa wengine mjini walimaliza chupa kwa mwezi. Yake moja ilikaa mwaka mzima, na nadhani sehemu kubwa ilikauka yenyewe tu. Watu wa ofisi nyingine walikuja kumwazima kwa kazi zisizotaka doa.

Ila hakusahihisha kosa la mtu mwingine. Lugha ya kwetu haitofautishi "l" na "r", na mimi nilipokuwa na haraka hata kalamu ilisahau. Siku moja niliandika kwenye tangazo la semina kwamba washiriki "watakura" saa saba. Nikalikuta ubaoni hivyohivyo, limepigwa vizuri, katikati ya karatasi.

"Mama, mbona hukunirekebishia?"

"Mwalimu ni wewe," akasema. "Mimi napiga kilichoandikwa."

Lakini hilo halikuwa kweli kila siku. Kuna wakati Mkuu alimkuta mlinzi amelala, akaandika kwa hasira barua ya kumfukuza kazi. Akaiweka mezani kwa Mama asubuhi. Mchana akaja kuiulizia.

"Rasimu siioni, Mkuu."

"Nimekuwekea hapa mwenyewe!"

"Basi itakuwa imepeperushwa. Andika nyingine."

Akaandika ya pili, fupi kuliko ya kwanza. Nayo ikapotea. Siku ya tatu hasira ilikuwa imekwisha, akaandika barua ya kumtaka mlinzi awe macho kazini, na hiyo ilipigwa kwa dakika tano. Jioni, alipoinuka kuswali, nikaziona rasimu mbili zimekunjwa ndani ya ile khanga ya kukalia. Aliniona nimeona. Akaikunja khanga upya, akaenda kutawadha.

Watu wa mjini walimjua kwa jambo jingine kabisa. Likizo ya Desemba ikifika alivua utumishi wake, akarudi kijijini kwao, na huko alikuwa nyakanga, mmoja wa wale kina mama wanaowafunda wasichana katika unyago. Ijumaa ungemwona anapiga mada ya saikolojia ya mtoto, Jumapili anawaimbia wali, yaani wasichana hao, mpaka sauti inakauka. Nilimwomba aniambie wanafundishwa nini huko ndani.

"Wewe umesomea ualimu miaka mingapi?"

"Miwili, Mama."

"Basi usinitake mimi nikufundishe kwa kikombe cha chai."

Kompyuta zilitufikia miaka ya elfu mbili, tatu kwa mpigo, pamoja na agizo kutoka makao makuu. Mafunzo ya walimu wasio na cheti sasa yangefanyika kwa njia ya mtandao. Sisi tungeandaa masomo kwa Kiswahili, yangewekwa kwenye mtandao, na walimu wangekuja kituoni kwa zamu kila wiki mbili kuyasoma kwenye kioo na kufanya majaribio humohumo. Mama akapelekwa wiki mbili kujifunza kompyuta. Akarudi. Wiki ya kwanza sikumsikia akisema lolote kuhusu mashine mpya, mpaka nilipomkuta ameinamia kibodi, anaigusa kwa ncha ya kidole kama anapima homa.

"Hivi vibonyezo havina uzito," akasema. "Kidole kikifikiria tu, herufi imeshakwenda."

Ndivyo makosa yalivyoanza, kwa mtu ambaye hakuwa nayo.

Ukurasa wa kwanza kabisa wa kozi, ambao wafadhili walikuwa wauone, ulipaswa kuanza kwa maneno "Karibu katika kozi hii." Ukaanza, "Kaburi katika kozi hii." Ulikaa mtandaoni siku nne. Hatua ya pili ilimtaka mshiriki aandike neno lake la siri, yeye akaandikiwa, "Andika meno lako la siri." Mwalimu mmoja mtu mzima aliniita pembeni akaniuliza kwa unyenyekevu kama ni lazima, maana meno yake yamebaki machache. Mwisho wa somo, badala ya kuambiwa azime kompyuta, mshiriki aliambiwa, "Zika kompyuta kabla ya kuondoka."

Yale ya maana hasa yalihitaji mtu wa Mtwara kuyaelewa. Maelekezo ya mtihani yalisema, "Kila mtahiriwa aje na kalamu mbili na kitambulisho." Mtahiniwa, yaani. Wanaume walisoma, wakatazamana, na mmoja akasema hilo alishalimaliza porini akiwa na miaka minane na hana haja ya kurudia. Kisha likaja somo la tatu: "Ukikwama, muombe mwali wako akusaidie. Kila kikundi kimepangiwa mwali mmoja." Neno "mwalimu" lilikuwa limekatika katikati, na kwa watu wa huku mwali ni msichana aliyetoka kuchezwa unyago. Ndipo akasimama mwalimu mmoja wa kijiji cha Kitaya, mrefu, mwembamba, ambaye kila zamu alisafiri kutoka kijijini kwake mtoni na daftari lake kwenye mfuko wa plastiki.

"Samahani, Mama," akasema kwa heshima zote. "Huyu mwali tunakabidhiwa leo, au tungoje korosho ziuzwe kwanza tupate kumlisha?"

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mama alikuwa mlangoni na karatasi mkononi. Alisimama wima kidogo, kisha mabega yakaanza kutikisika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka ofisini. Akampa yule mwalimu jina la Mkwe, na tangu hapo kila alipokuja alikuwa akimuuliza, "Mkwe, mahari iko wapi?"

Si makosa yote aliyacheka. Alipoandika "Ntwara" kwenye kichwa cha barua, mkufunzi mmoja alilisoma kwa sauti, akivuta ile "nt" puani ili kumwigiza anavyoongea, na wengine wakafuatisha. Yeye alisema herufi hizo zimekaa jirani kwenye kibodi, jambo ambalo ni kweli. Lakini jioni nilimkuta stoo, ameketi juu ya maboksi, kurasa zote za kozi zimetandazwa sakafuni, anazipitia moja moja kwa kalamu nyekundu.

"Wananicheka maneno yangu, au wananicheka mimi?" akaniuliza.

"Mama, mimi tangu utotoni nilisema kalamu ya lisasi mpaka nikaingia sekondari."

"Na bado unasema," akanijibu, akanisogezea boksi nikae.

Kosa lililochekesha kuliko yote lilikuwa langu kwa nusu. Makao makuu yaliagiza kwamba kila mahali tulipoandika "kazi" mwisho wa somo, tuweke "zoezi". Nilimwonyesha Mama namna ya kuiamuru kompyuta ibadilishe zote kwa mara moja. Alifurahi sana. Alisema laiti stensili ingekuwa na adabu hiyo. Wiki iliyofuata walimu walisoma katika Maarifa ya Jamii kuhusu "wazoezi wa kijiji", wakajifunza haki za "mfanyazoezi", na wakaelezwa kwamba mapango yalikuwa "mazoezi ya binadamu wa kale". Kompyuta ilikuwa imeitafuta "kazi" hata tumboni mwa maneno mengine. Walimu walikuwa wanayaandika makosa haya kwenye daftari na kuyapeleka vijijini kwao kama zawadi.

Lakini lilikuja kosa ambalo hakuna aliyelicheka.

Jaribio la mwisho lilikuwa na maswali ishirini na tano ya kuchagua, na kompyuta yenyewe ndiyo iliyosahihisha. Ilichohitaji ni orodha ya majibu. Niliiandika mimi kwa mkono, Mama akaiingiza, akachapa nakala na kuniletea ili niilinganishe na ya kwangu. Ilikuwa Ijumaa jioni, nachelewa mazoezi ya kwaya. Nikaandika chini, "Imehakikiwa," nikasaini jina langu, nikachukua mkoba.

Walimu walifanya jaribio kwa zamu wiki nzima iliyofuata. Jumatatu matokeo yakatoka, na karibu wote walikuwa wamefeli. Aliyefaulu vizuri alikuwa mmoja tu, jamaa aliyekuwa akija kwa ajili ya chai, na ambaye tulijua hakuwahi kufungua somo la pili. Mkwe wa Kitaya alipata majibu matano. Na kwa walimu hawa kufeli hakukuwa jambo la kusikitika tu: wilaya ilikuwa imetangaza kwamba asiyepata cheti mwaka ule ataondolewa darasani.

Mkuu alipeleka matokeo makao makuu siku ileile. Saa nane mchana Mama aliingia ofisini kwangu peku. Hakuwahi kutembea peku nje ya chumba chake. Aliweka mezani orodha yangu na ile aliyoichapa, akaweka rula chini ya mstari wa nne.

"Mwalimu, nimeruka mstari."

Kweli. Jibu la swali la nne halikuwepo, na kuanzia pale kila jibu lilikuwa limepanda nafasi moja juu. Kompyuta iliwafelisha waliojua. Nilishuka kwa macho mpaka chini ya karatasi, nikaona saini yangu.

Tulikwenda kwa Mkuu. Alisikiliza, akainuka, akafunga dirisha.

"Matokeo yameshapokelewa," akasema. "Mwezi ujao wafadhili wanakuja. Wakisikia kituo hakiwezi hata kuandaa majibu, mradi utahamia mkoa mwingine. Hao walimu watarudia mwakani."

"Wa Kitaya hana mwakani," Mama akasema.

"Mama, haya ni mambo ya wakufunzi."

Mkuu akanigeukia mimi. Ukutani kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita, nikaitazama hiyo. Nikasema, "Tulifikirie kwanza, Mkuu." Tulipotoka, Mama alirudi chumbani kwake na mimi kwangu. Jumanne sikusema kitu. Jumatano vilevile. Nilikuwa na sababu nyingi na nzuri, na zote zilinihusu mimi.

Alhamisi nilipofika nilisikia mlio ambao sikuwa nimeusikia kwa miaka: ile mashine ya zamani ya chuma. Kompyuta yake ilikuwa imezimwa. Saa tatu alimpelekea Mkuu nakala ya barua, akaniletea na mimi moja. Barua halisi alikuwa ameshampa dereva wa basi la Dar es Salaam aifikishe makao makuu. Haikuzidi nusu ukurasa. Ilisema: "Mimi ndiye niliyepiga majibu ya jaribio. Niliruka mstari wa nne. Walimu waliofeli hawakufeli. Naomba wasahihishwe upya kabla hawajaondolewa kazini. Naambatisha orodha iliyo sahihi." Kisha jina lake, na cheo chake.

Niliisoma mara tatu. Haikuwa na kosa la herufi, na haikuwa na jina langu. Alikuwa amepiga chapa barua za watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na sidhani kama kabla ya hapo aliwahi kupiga hata moja ya kwake.

Mkuu alikasirika mpaka sauti ikamkauka. Akaamua kumpa barua ya onyo, na kwa kuwa mpiga chapa alikuwa mmoja tu, ilibidi amwite yeye mwenyewe aje aipige. Mlango ulikuwa wazi, nilisikia.

"'Uzembe', Mkuu, au 'uzembe uliokithiri'?"

"Uliokithiri!"

Akapiga "uliokithiri". Akamletea asaini, akagonga muhuri, akajikabidhi nakala moja, na nyingine akaiweka kwenye jalada lake kabatini, penye nafasi yake kwa tarehe.

Makao makuu yalisahihisha matokeo baada ya wiki kadhaa. Wafadhili walikuja, wakala kamba wa kukaanga, wakapiga picha na kompyuta, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza kuhusu mstari wa nne. Mama alizipigia simu shule moja moja, na walimu wote wakapatikana isipokuwa Mkwe. Kule wilaya haikungoja, ilikuwa imeshamwondoa.

Jumamosi Mama akaomba nimsindikize Kitaya. Mwalimu mkuu wa pale alitueleza kwamba Mkwe alikabidhi chaki na vitabu bila neno, akavuka mto pale Kilambo kwenda kulima mpunga kwa mjomba wake upande wa Msumbiji. Tukafika Kilambo. Mama alikuwa anaogopa maji, na mamba zaidi ya maji, kwa hiyo alimtuma mwenye mtumbwi aliyemfahamu yule mwalimu. Tukakaa kwenye gogo, tukagawana muhogo, tukangoja mpaka jua likapinda.

Akaja na matope mpaka magotini, anatweta. Alipotuona wawili tumevaa nguo za heshima, akasimama majini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Mama akasema. "Umefaulu. Ishirini na tatu kwa ishirini na tano."

Alitoka majini akakaa chini, palepale penye tope.

"Mimi nilisema labda ile kompyuta haitaki watu wa huku," akasema.

"Kompyuta haina kosa. Niliyekosa ni mimi. Niliruka mstari wakati napiga majibu, ndiyo maana ukafeli. Nimekuja kukuomba radhi."

Nilikuwa nimesimama kando yake, bega kwa bega. Ilikuwa nafasi yangu, na niliiona kabisa kuwa ni nafasi. Nikamtazama mwenye mtumbwi akifunga kamba yake.

Mwalimu akajipangusa mikono kwenye kaptula, akainuka, akamwamkia kana kwamba ndiyo kwanza anafika: "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

Hakulipwa kila alichopoteza. Nafasi yake Kitaya ilikuwa imeshajazwa. Ilimlazimu kungoja mwaka, akapangiwa kijiji cha mbali, na muda alioukosa haukuhesabiwa kwenye utumishi wake. Baadaye sana ndipo alipofanikiwa kurudi kwao.

Mama alistaafu kabla yangu. Mimi nilipata uhamisho wa kurudi Shinyanga mwishoni mwa miaka ile ya elfu mbili, na siku mbili kabla ya safari nilikwenda kwake Chuno kuaga. Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, anachambua majani ya kisamvu. Alikuwa amepungua mwili, lakini vidole ni vilevile. Nikakaa, nikachukua majani nimsaidie. Tuliongea habari za watoto, za bei ya korosho, za Mkuu aliyekuwa ameugua. Kisha nikalisema, kwa sababu nilijua nikiondoka nalo litazeeka na mimi.

"Mama, ile orodha ya majibu niliisaini mimi."

Hakuacha kuchambua. "Najua, mwanangu. Jina lako lilikuwa chini."

"Hukunitaja kwenye barua."

"Barua ilikuwa yangu. Wewe una mikono yako."

Akatupa vikonyo pembeni, akaendelea, taratibu, bila ukali.

"Nilikungoja. Jumanne asubuhi niliitoa ile mashine stoo, nikaipangusa, nikatia utepe. Nikasema mwalimu anafikiri, akimaliza kufikiri ataleta rasimu, nitampigia vizuri. Jumanne ikapita. Jumatano nikakusikia unatembea ukumbini, unafika mpaka mlangoni kwangu, unarudi. Alhamisi nikaona walimu wataumia, nikapiga yangu."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ningekwambia, ungeandika kwa kuniogopa mimi."

Jirani aliita ng'ambo ya ua, akamjibu kwa Kimakonde, wakacheka jambo lao. Nilijipangusa macho kwa ncha ya khanga. Nikamuuliza kama Mkwe bado anafundisha.

"Yupo. Nyumba yake iko nyuma ya shule, ina mlango wa bluu." Akainuka na sinia lake la kisamvu, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. "Basi la Kitaya linaondoka saa kumi na mbili. Ukiwahi, utapata kiti cha dirishani."

Asubuhi yake nilipata kiti cha dirishani.